Borghild, Mgandisha Nyasi wa Kvalbotn

Watu wa Kvalbotn, kijiji cha ghubani kaskazini ya mbali, walimwita Borghild Nordvoll "Mnyongaji", na hawakumwita hivyo kwa mapenzi.

Kazi yake ndiyo iliyompa jina. Kila Novemba, jua likishaiaga ghuba na kuwaachia watu saa mbili tatu za mwanga wenye rangi ya maji ya kuoshea vyombo, alikwenda kwenye mashamba ya kituo cha utafiti akiwa na sururu begani. Aling'oa vishina vya timothi, nyasi za malisho ya ng'ombe, kutoka kwenye ardhi iliyoanza kuganda, akavinyoa majani vikabaki vipara, akavipanga kwenye trei za mchanga mbichi na kuviingiza kwenye friza. Kisha aliishusha baridi digrii moja kila saa, akitoa trei moja baada ya nyingine. Wiki tatu baadaye, ndani ya kitalu cha vioo, alihesabu vilivyochipua na visivyochipua. Vilivyokufa aliviandika kwa kalamu nyekundu.

Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na mitano. Hakuwa na shahada. Wenye shahada walitoka kusini, wakakaa miaka miwili mitatu, wakaandika walichoandika na kuondoka. Yeye alibaki na friza zake. Hakuolewa. Mvuvi mmoja aliwahi kumposa, akamkataa kwa sababu mwanamume huyo alipiga miluzi wakati wa kula. Ulimi wake ulikuwa mkali, naye aliujua ukali huo na hakuwahi kuusikitikia.

Kituoni hakukuwa na ugomvi mkubwa. Ugomvi wake mkubwa ulikuwa ng'ambo ya ukuta wa mawe uliotenganisha nyumba yake ndogo na shamba la Nordvoll, kwa mdogo wake Torleif.

Borghild alikuwa kifungua mimba. Alipokuwa na miaka kumi na miwili alikuwa tayari anakamua ng'ombe wanane asubuhi kabla ya shule. Torleif alipenda zaidi mashua na ndoana. Baba yao, Anton, alimfundisha binti kila kitu kuhusu nyasi: jinsi ya kuzikata, jinsi ya kuzianika juu ya nyaya mvua isiziozeshe, na jinsi ya kung'oa bua mwezi wa Oktoba na kuling'ata kitako. Kikiwa kitamu, nyasi ziko tayari kwa baridi. Kikiwa na ladha ya maji, omba Mungu. Lakini Anton alipofariki mwaka sitini na saba, sheria ya wakati ule ilimtazama mwana wa kiume kwanza. Shamba likaenda kwa Torleif. Borghild akapewa nyumba ndogo, kipande cha bustani na kabati la mama yake.

"Ungekuwa mwanamume ungelipata," Torleif alimwambia siku ya kutia sahihi.

"Wewe ungekuwa mwanamume ungeona haya," Borghild akamjibu.

Tangu siku hiyo, miaka kumi na saba, walisemezana pale tu walipokuwa na jambo la kuumizana.

Mwaka themanini na nne, mwishoni mwa Agosti, muuzaji mmoja aitwaye Egil Stamnes alifika Kvalbotn na sanduku la chupa. Chama cha wafugaji kikampa ukumbi. Watu walikaa kwenye viti vya mbao, wakinywa kahawa na kula mikate bapa ya viazi, huku Stamnes akibandika ukutani picha mbili za shamba moja: kwenye moja nyasi zilikuwa fupi na za manjano, kwenye nyingine zilifika magotini.

"Mabibi na mabwana," alisema, "nyasi zenu zina uvivu. Septemba tu zimeshajivutia blanketi kama wazee. Ng'ombe wanataka kula, zenyewe zinataka kulala! Dawa hii inaziamsha. Na si sumu. Ni homoni ileile iliyomo ndani ya jani, sisi tunaiongeza kidogo tu. Mtavuna mara ya tatu mahali mlipozoea mara mbili."

Borghild alikuwa amekaa nyuma, karibu na jiko. "Inaitwaje?" akauliza.

"Nini, mama?"

"Sina mtoto wa umri wako. Homoni hiyo inaitwaje?"

Watu wakacheka. Stamnes akaitazama chupa kana kwamba jina limehama. "Jiberelini," akasema.

"Nilijua," akasema Borghild, akasimama. "Sikilizeni. Jiberelini ndiyo inayoziambia nyasi zirefuke. Nyasi zina homoni nyingine, asidi ya absisi, na hiyo inaziambia ziache kurefuka, zijikunyate, ziweke sukari kitakoni zisubiri baridi. Siku zikifupika, ile inashuka na hii inapanda. Nimewahi kuchukua vishina ambavyo havijaonja baridi hata siku moja, nikavinyunyizia hii ya pili tu. Viliingia friza vikatoka hai. Sasa nyinyi mnataka kuzinywesha ile ya kwanza, Septemba, halafu mzikate tena juu yake! Mnamvua mtu koti akiwa mlangoni anatoka kwenda kwenye theluji."

Torleif, aliyekaa mbele na mkewe Gunnvor, hakugeuka hata kumtazama.

"Dada yangu," aliwaambia wengine, "ameua nyasi miaka ishirini na mitano. Hajalisha hata mbuzi. Mimi nina ng'ombe kumi na wanane wanaopiga kelele asubuhi. Nikitaka habari za arusi simwulizi mchimba kaburi."

Kicheko kilichofuata kilitikisa vikombe. Mzee Oddmund, mfugaji wa upande wa mtoni, akainua mkono. "Torleif, mwache mwenzio amalize."

"Huyu alikwisha siku baba alipokufa. Ni vile tu hajaambiwa."

Hapo hakuna aliyecheka. Borghild alichukua koti lake, akalivaa polepole, kifungo baada ya kifungo.

"Nunua majani makavu ya akiba kabla ya Krismasi," akasema. "Maneno yangu ndiyo hayo." Akatoka.

Nyumba saba zilinunua dawa. Torleif alinunua chupa nyingi kuliko wote.

Alinyunyizia siku tulivu ya mwanzo wa Septemba, trekta likivuta pipa na mabomba yake. Alipokaribia ukuta wa dada yake, hatua kumi hivi, alizima mabomba na kugeuza trekta. Borghild alikuwa bustanini akichimba viazi.

"Usije ukasema nimekumwagia!" Torleif akamfokea kutoka juu ya kiti. "Hata tone sikupi!"

"Nikuombe tone la nini, mimi ni mwehu?"

"Uliza mtaani wakwambie!"

Baada ya siku kumi shamba la Nordvoll lilikuwa jambo la ajabu. Pande zote ghubani nyasi zilikuwa zimeanza kufifia na kujilaza chini kama zifanyavyo kila mwaka, lakini za Torleif zilikuwa kijani cha kuumiza macho, ndefu, zikiyumba kwenye upepo wa baridi kama za Juni. Kando ya ukuta tu ndiko kulikobaki ukanda mwembamba, mfupi na wa manjano. Watu walisimamisha magari barabarani kutazama. Torleif alivuna mara ya tatu, akasindika sileji, majani yaliyochachushwa ya kulisha wakati wa baridi, ghala likajaa hadi ukingoni. Dukani Gunnvor alimkuta Borghild akinunua chumvi, akasema kwa sauti ya kusikika hadi nje: "Wengine nyasi zao hukua, wengine zao hufa frizani. Kila mtu na kipaji chake, wifi."

Borghild alilipa chumvi akaondoka. Lakini Jumapili moja ya Oktoba, kengele za kanisa zikilia ng'ambo ya ghuba, aliruka ukuta akiwa na ndoo na sepeto ndogo. Alichimbua vishina thelathini kwenye ule ukanda wa ukutani na vingine thelathini kwenye nyasi zilizonyunyiziwa. Alikuwa ameinama kwenye cha mwisho aliposikia buti nyuma yake.

"Unaiba nini?" aliuliza Torleif.

"Vishina."

"Kwenye shamba langu!"

"Kwenye shamba lililonivunja mgongo wewe ukivua samaki."

Torleif alishika ndoo. Borghild naye hakuiachia. Watu wazima wawili, mmoja wa miaka arobaini na sita, mwingine arobaini na moja, walivutana ndoo katikati ya shamba, hadi mpini ukachomoka na Borghild akaangukia matako kwenye nyasi zilizolowa. Ndoo ilibaki mapajani mwake. Akachukua bua moja la zile za kijani, akalimenya kwa kidole, akaling'ata kitako na kulitema.

"Maji matupu. Onja mwenyewe."

"Mimi si ng'ombe."

"Ng'ombe angeonja."

Torleif aliunyoosha mkono kuelekea ukutani. "Ukikanyaga hapa tena nitakuitia polisi. Na si utani. Nitaita polisi waje wakutoe mbele ya watu."

Kituoni, mkuu wake, Daktari Halvard Moe, alipoona trei zisizo na namba alijua mara moja. Alikuwa mtu mpole aliyechukia kelele. "Borghild, friza hizi si za ugomvi wa ndugu. Ondoa hizo."

"Nitaziondoa zikishaganda."

Moe akaziacha. Borghild aligawa vishina kumikumi na kuvigandisha kwa digrii sita chini ya sifuri, kumi, na kumi na nne. Wiki tatu baadaye alihesabu. Vya ukanda wa ukutani: kwa digrii sita vilipona vyote kumi; kwa kumi, tisa; kwa kumi na nne, saba. Vilivyonyunyiziwa: kwa digrii sita vilipona vinne. Kwa kumi, hakuna. Kwa kumi na nne, hakuna. Alihesabu tena kesho yake, na kesho kutwa, kwa kuwa kuna vishina vinavyochelewa. Havikuchelewa. Vilikuwa vimelegea na kuwa kahawia kama uzi wa sufi uliooza.

Aliandika hesabu hiyo kwenye kadi ya kituo, bila salamu, na chini yake: *Majani makavu bado yanapatikana Bardfoss. Nunua.* Akaitia posta, ingawa angeweza kuirusha juu ya ukuta.

Torleif aliigongomea kadi msumari kwenye mlango wa choo cha zizini. Gunnvor alihakikisha habari hizo zimefika dukani kabla ya mkate wa asubuhi.

Majira ya baridi ya mwaka ule yaliwachezea watu. Desemba ilikuwa kavu, baridi ikiuma ardhi tupu isiyo na theluji. Katikati ya Januari upepo wa bahari ukaleta mvua siku tatu, kisha usiku mmoja kila kitu kikaganda. Mashamba yakawa kioo. Barafu ilikaa wiki kumi na tano, unene wa kiganja, na chini yake nyasi zilikosa hewa. Nyasi iliyojiandaa huvumilia hayo kwa akiba yake, ikilala na kupumua kidogo kidogo. Nyasi isiyo na akiba hufa.

Mei, barafu ilipoyeyuka, harufu ilitangulia habari. Ni harufu ya uchachu kama ya maziwa yaliyosahauliwa kwenye kopo, na kila mfugaji wa kaskazini anaijua. Karibu kila shamba lilikuwa na madoa ya kahawia. Mashamba saba hayakuwa na madoa. Yalikuwa kahawia matupu, kutoka barabarani hadi ufukweni. Kwa Torleif kulikuwa na kitu kimoja tu cha kijani: ukanda wa hatua kumi kando ya ukuta wa dada yake, ukichipua kwa raha kana kwamba hakuna kilichotokea.

Borghild aliutazama asubuhi ile kutoka dirisha la jikoni akiwa na kikombe mkononi. Alikuwa ameingojea siku hiyo, na furaha ilimjia kwanza, moto na tamu, ikamfika hadi shingoni. Kisha ng'ombe wakaanza kulia zizini. Kumi na wanane. Sileji ilikuwa imekwisha Aprili. Sauti yao ilivuka ukuta siku nzima, na jioni ile hakuweza kula.

Siku ya pili Torleif alikuja. Hakubisha hodi. Alisimama mlangoni na buti za matope, Gunnvor nyuma yake.

"Ulimwaga nini pale ukutani?"

"Sikumwaga kitu."

"Usinidanganye! Shamba zima limekufa ila pale kwako. Ulipita na ndoo yako, ulifanya kitu."

"Pale ndipo ulipoapa kutonipa hata tone," alisema Borghild. "Umesahau? Mimi sijasahau."

Uso wa Torleif ulikuwa umesinyaa, hakuwa amenyoa. Gunnvor ndiye aliyesema.

"Mkaguzi anakuja Alhamisi. Waliopatwa na barafu watapewa majani na serikali. Nyumba zote saba tumekubaliana. Ni barafu. Basi."

"Dawa je?"

"Hakuna dawa. Ile haikuwa na kibali hata kidogo, na unajua. Wewe kaa ndani siku hiyo. Umwa."

"Mimi huwa siumwi."

"Nyumba saba, Borghild!" Gunnvor alipaza sauti. "Zina watoto!"

"Mlikuwa na watoto Agosti pia."

Torleif alipiga mwimo wa mlango kwa ngumi. "Ukifungua mdomo," akasema taratibu, "sina dada."

"Ulikuwa naye lini?"

Alhamisi ilikuwa na jua. Mkaguzi alikuwa mwanamume mwembamba mwenye koti la mvua na ubao wa kuandikia. Alifuatwa na wafugaji kumi na watano hivi, wakitoka shamba hadi shamba. Huko kwa Mzee Oddmund aliona robo ya shamba imekufa, akaandika. Kwa wale saba aliona kahawia, akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika. Mwisho wakafika Nordvoll. Aliuona ukanda wa kijani, akausogelea, akaupima kwa hatua.

"Hapa pamepona kwa nini?"

"Theluji," alisema Torleif upesi. "Hurundikana ukutani. Huzuia barafu."

Lilikuwa jibu zuri. Lilikuwa jibu ambalo hata Borghild angeliandika kwenye fomu. Yeye alikuwa upande wa pili wa ukuta, bustanini, amesimama wazi na leso kichwani. Hakukaa ndani. Kila mtu alikuwa amemwona na kila mtu alijifanya hakumwona. Angeweza kunyamaza. Baadaye, miaka mingi, alijiuliza kama alisema kwa ajili ya ukweli au kwa ajili ya siku ile ya kutia sahihi, na hakupata jibu lililomridhisha.

"Upepo wa huku hupangusa ukuta," alisema. "Theluji haikai hapo hata siku mbili. Muulize yeyote."

Mkaguzi aligeuka. "Wewe ni nani, bibi?"

"Borghild Nordvoll, wa kituo cha utafiti. Palipopona ni pale ambapo hapakunyunyiziwa." Akaeleza: chupa, jiberelini, Septemba, mavuno ya tatu, nyasi zilizoendelea kukua wakati wa kujifunga. Akazitaja hesabu zake kwa moyo, sita, kumi, kumi na nne. Hakutaja majina ya nyumba nyingine sita. Haikuwa lazima, zilikuwa zimesimama pale pale zimekunja nyuso.

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu. Gunnvor alikwenda hadi ukutani, akamtemea dada wa mumewe mate. Yalimpata kwenye leso. Borghild hakuyafuta mpaka watu walipoondoka.

Wafugaji wengine walipewa majani. Wale saba hawakupewa. Torleif aliuza ng'ombe kumi na mmoja. Lori lilikuja mchana, na alipowapandisha mmoja mmoja aliwaita kwa majina, kwa sauti ambayo Borghild alitaka kuziba masikio asiisikie, na hakuyaziba.

Kijiji kilimwadhibu. Vichwa vya samaki vilioza vikining'inia kwenye lango lake. Vioo viwili vya kitalu cha kituo vilivunjwa, na Daktari Moe akamlaumu yeye. Dukani alihudumiwa mwisho, hata kama alifika wa kwanza. Kanisani benchi lake lilibaki na mtu mmoja. Siku moja alimkuta Mzee Oddmund barabarani, yeye aliyepata majani yake, akamsalimu. Mzee hakuitika. Alipokwisha kupita alisimama, akageuka.

"Ulisema kweli," akamwambia. "Lakini haikuwa yako wewe kuisema. Yule ni mdogo wako."

"Nani mwingine angeisema? Wewe?"

Mzee akaenda zake.

Hata hivyo hakuna aliyenyunyizia dawa tena Kvalbotn, wala aliyevuna mara ya tatu. Stamnes hakuonekana. Torleif alilima shamba lote upya na kupanda mbegu ya timothi ya kaskazini, ile inayoacha kukua mapema siku zikifupika. Mbegu hiyo ilichaguliwa kituoni, kwa friza na kalamu nyekundu. Alimtuma Gunnvor kuinunua, asionekane yeye.

Kisha ikaja Novemba ya mwaka themanini na sita. Borghild alikuwa maabarani mwa kituo akinoa mkasi wake mlango ulipofunguliwa kwa teke. Torleif aliingia na gunia la katani, akalibwaga juu ya meza, udongo ukaruka hadi kwenye daftari.

"Hesabu," akasema.

"Nini hiki?"

"Nyasi. Nataka kujua zitapona au hazitapona."

"Mimi ni Mnyongaji. Hujasikia?"

"Kituo ni cha serikali na mimi nalipa kodi. Hesabu."

"Jaza fomu."

"Nipe hiyo fomu."

Aliijaza akiwa wima, kalamu ikitoboa karatasi. Kwenye nafasi ya jina la mpokeaji aliandika *maabara*. Borghild aliufunua mdomo wa gunia, akatazama.

"Umeng'oa vibaya. Nusu umekata mizizi."

"Basi hesabu ile nusu nyingine."

Akaondoka bila kufunga mlango. Borghild akaanza kuvinyoa vishina. Vilikuwa vizuri: vifupi, vimejifunga, vitako vimevimba kama vitunguu vidogo. Alivigandisha pamoja na vya kituo, na vilipona nusu na zaidi kwa digrii kumi na sita. Aliandika namba kwenye kadi, bila salamu, akaitia posta.

Mwaka uliofuata gunia lilikuja tena, na uliofuata tena. Torleif hakuwahi kusema habari za asubuhi. Alisema "Hesabu", naye Borghild alisema "Fomu". Mwaka mmoja alileta nyasi za eneo alilolitilia mbolea nyingi mwishoni mwa Agosti, akijifanya hakufanya hivyo. Borghild aliliona hilo kwenye majani kabla hata ya friza, akamwandikia kwenye kadi neno moja: *Mjinga*. Mwaka mwingine Borghild alishikwa na tamaa mbaya. Matokeo yalikuwa mazuri kuliko shamba lolote la ghubani, na akaandika namba ya uongo, ya chini, ya kumfanya mtu alime shamba zima lenye afya na kuanza upya. Aliitazama kadi ile siku mbili mezani. Siku ya tatu aliichana na kuandika ya kweli, na kwa wiki nzima alikuwa mkali kwa kila mtu.

Ng'ombe wa Nordvoll waliongezeka wakafika kumi na watano. Watu walianza kumwitikia Borghild dukani, kwanza wanawake, kisha wanaume. Gunnvor hakumwitikia kamwe.

Novemba ya mwaka tisini na sita gunia lilichelewa. Alijua sababu, kengele ilikuwa imelia Oktoba, naye alikuwa amekaa benchi la nyuma kabisa wakati wa mazishi ya mdogo wake, akaondoka kabla ya kahawa kwa kuwa hakualikwa. Hakutegemea gunia tena. Lakini tarehe kumi na nane Gunnvor alisimama mlangoni mwa maabara, na koti jeusi, akikokota gunia kwa mikono miwili.

"Alisema nilete," akasema. "Mimi nisingeleta."

"Alisema lini?"

"Alipokuwa bado anasema. Kwanza alisema kuhusu ng'ombe, halafu kuhusu hili. Wewe hakukutaja, kama unangoja kusikia."

"Singoji."

"Haya."

Borghild alifungua gunia. Vishina vilikuwa vimechimbuliwa kwa uangalifu na mtu asiyejua, kila kimoja na bonge kubwa la udongo na mawe, vizito bure. "Umebeba mawe maili tatu," akasema. "Udongo hauhesabiwi."

"Nitajuaje mimi? Sikusoma kunyonga." Gunnvor alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa, akihema. Akajaza fomu. Alipofika kwenye jina la mwenye shamba alisita, kalamu hewani, kisha akaandika lake.

Vilipona vinane kati ya kumi kwa digrii kumi na sita. Borghild hakuwahi kuona namba kama hiyo kutoka Nordvoll. Alihesabu mara tatu, akakosea mara moja kwa sababu ya macho, akahesabu ya nne. Kadi akaiandika kwa jina la Gunnvor, bila salamu, na chini yake akaongeza kwamba shamba lisiguswe, lisilimwe, livunwe mara mbili tu.

Jibu la Gunnvor lilikuja kabla ya Krismasi, mstari mmoja kwa mwandiko wa kulalia upande: gunia lilikuwa la mkopo, na lirudishwe likiwa safi kabla ya Novemba ijayo.